Muswada Uliowekwa Mezani

Jumanne ya pili ya Januari, Arlene Skogstad, mpishi wa shule ya Hadley Fork, alikung'uta theluji viatuni, akapanda hadi viti vya wageni katika Baraza la Jimbo. Alikuja kuona meza zikivuka. Begini alikuwa na chupa mbili: moja ya kahawa, nyingine ya maji ya bomba la kwake, yenye rangi ya kahawa vilevile.

Uchaguzi wa Novemba, ule wa katikati ya muhula wa rais, ulikuwa umekipa chama kilichokuwa na viti vichache wingi wa kiti kimoja. Arlene alikuwa amebisha hodi kwenye milango mia nne kwa ajili ya kiti hicho. Mjukuu wake Josie, wa miaka mitano, alikuwa na madini ya risasi kwenye damu, yatokayo kwenye mabomba ya zamani ya mji, na muswada wa kuyabadilisha ulikuwa umewekwa mezani miaka sita. Katika jimbo lile, muswada ukiwekwa mezani haujadiliwi; umezikwa, tena bila sala.

Saa nne kamili meza zikaanza kutembea. Arobaini na tisa zilivuka njia ya katikati kwenda upande wa madirisha, ambako hukaa chama chenye wingi; arobaini na nane zikatoka huko, zikapishana kwa adabu, droo zimebanwa kalamu zisimwagike. Sakafu ilinguruma. Arlene alishaona hayo mara mbili, na bado aliinuka kitini kwa utukufu wake. Wabunge walisubiri ukutani na vikombe vyao.

"Utalizoea jua la asubuhi," Whitcomb, mwenyekiti wa zamani wa kamati ya maji, alimwambia mrithi wake. "Ila linaharibu macho, ndugu yangu."

"Yako yaliharibika zamani," Pacheco akajibu.

Kisha meza kubwa ya karani, isiyo na chama, ikaondoka mahali pake. Ilikuja hadi chini ya kiti cha Arlene, ikapiga magoti kama ng'ombe, droo ikafunguka. Maji ya Hadley Fork yakamwagika, mekundu ya kutu, muswada wenyewe ukielea juu yake, wino haujafifia. Wabunge wa pande zote waliinua miguu. Hata mpiga picha alishusha kamera yake, akatazama tu.

Pacheco, aliyekula jikoni kwa Arlene mwezi Oktoba, aliyavuka maji akauokota muswada.

"Mama Arlene, nimeyaona. Sote tumeyaona."

"Basi upitishe."

"Nina kiti kimoja tu cha ziada, mama. Nikianza na huu nakipoteza. Nivumilie mpaka uchaguzi ujao."

Akatoa hoja uwekwe mezani. Kura zilikuwa tisini na saba kwa sifuri. Whitcomb alipiga makofi. Meza iliinuka taratibu ikarudi mbele, ikiendelea kutiririka.

Mafundi walifika kabla ya mwezi kwisha. Walipitisha bomba jipya la shaba chini ya zulia, kutoka droo hadi mtoni, kazi safi kabisa. Siku hizi watu husafiri kutoka mbali kuitazama meza ile, na wanaume huvua kofia.

Mwezi Machi, jirani yake Dwight alimkuta Arlene nje ya duka na maboksi ya maji ya chupa. Akamuuliza kama ni kweli serikali imeleta mabomba.

"Imeleta," Arlene akasema. "Ya meza. Nishikie hilo boksi, Josie ana kiu."