Mchanga Usioguswa

Kwa uvivu, Kesho hakuwa na mpinzani. Ukimtuma maji, utakufa na kiu. Kila kazi aliijibu kwa neno moja, "kesho", mpaka kiwanda kizima cha mvinyo kikamwita hivyo, naye akaitika bila haya. Na ndiye huyohuyo, jamani, aliyeamua Jumatatu moja kuwahi kazini.

Fundi wa maji, mke wa kaka yake, alimkuta nyuma ya kiwanda kwenye machujio, mpira wa maji mkononi, jasho linamtiririka. Machujio yenyewe ni matangi manne ya mchanga. Maji yaliyooshea mapipa na mitambo, yenye asidi ya kukata ulimi, huingia juu, hushuka taratibu, hutoka chini ukali umekwisha, ndipo yaende mtoni. Lakini kazi haifanywi na mchanga mtupu. Hufanywa na ule utelezi wa kahawia ulioshika chembe zake, vijidudu ambavyo chakula chao ni hiyo asidi na mabaki ya sukari. Fundi alivilea miezi minane kama vifaranga.

Kesho alikuwa ameviosha. Kwa sabuni na klorini, tangi moja baada ya jingine, mchanga ukang'aa. Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya wiki tatu, na yeye aliona aibu shemeji yake akutwe na uchafu.

Fundi aliketi juu ya ndoo. Meneja alishamwambia wazi kwamba mkaguzi akikuta maji bado makali, machujio yatang'olewa na yeye atafute kazi kwingine. Alipomweleza Kesho alichokifanya, mtu mzima yule alifungua mdomo akashindwa kuufunga. Akaomba radhi, akaomba tena, akaapa hatashika brashi maisha yake yote. Fundi akamjibu kwamba kiapo hicho hakitamsumbua kukitimiza.

Alirudi nyumbani jua bado liko juu, chakula hakigusi. Mama mkwe akamdadisi mpaka akasema yote. Bibi yule akafikiri kidogo, akauliza kama vijidudu hivyo ndivyo vya lile pipa la mchanga alilofanyia majaribio hapo nyumbani.

Fundi akasema pipa hilo lilishatupwa. Yeye mwenyewe mwaka jana alimwagiza Kesho akalitupe, maana lilinuka.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "ulimwagiza nani?"

Pipa lilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, palepale. Mama mkwe alikuwa akilimwagia kila siku maji aliyooshea matunda na maganda yake, na yakitoka chini safi anamwagilia maua. Fundi alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Mchanga ukamteleza vidoleni. Alifurahi hadi machozi, akamkumbatia mkwewe kwa mkono uleule wa tope. Mungu si Athumani.

Siku iliyofuata mchanga wa pipa uligawanywa kwenye matangi manne, baada ya klorini kusuuzwa yote. Vijidudu havishindiliwi chakula siku ya kwanza, kwa hiyo walianza na maji makali yaliyozimuliwa sana, wakaongeza kidogo kidogo. Ndoo alibeba Kesho, asubuhi na jioni, bila kunung'unika, na watu walitoka ofisini kuja kushuhudia.

Siku ikafika. Mkaguzi akachovya karatasi yake ya kupimia asidi kwenye maji yanayotoka, akasubiri. Karatasi ikawa ya kijani, yaani ukali umekwisha; mkaguzi akatia sahihi, akaenda zake.

Meneja kwa furaha akatupa macho juu ya matangi, akauona ule utelezi, akakunja pua. Akamgeukia Kesho, aliyekuwa ameshika mpira wa maji, akamwambia uchafu huo sasa uoshwe.

Kesho akamtazama shemeji yake. Kisha akautua mpira chini polepole.

"Kesho, bosi," akasema.

Na fundi, kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwenye ukoo ule, akalishukuru neno hilo kwa moyo wote.