Mng'ao Chini ya Taa Moja

Chumba cha ukaguzi wa sarafu kilikuwa na meza moja, taa moja na viti viwili, na kiti cha pili kilikuwa bado hakijapata mwenyewe. Binti alikikalia kwa majaribio mwezi wa tatu sasa. Shangazi yake, ambaye wakusanyaji walimbandika jina la Bi Lenzi kwa kuwa hakuonekana bila kioo cha kukuzia shingoni, alimwekea sharti lisilo na mafumbo: akikosea mara tatu katika kupambanua sarafu iliyopita mikononi mwa watu na ile ambayo haijapita, atarudi kupima vitambaa dukani kwa binamu yake. Mara mbili alikwisha kosea. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio.

Sarafu ambayo haijatumika, kwa watu wa kazi hiyo, hupewa ngazi kuanzia sitini hadi sabini. Ya sabini haina ila hata chini ya kioo. Ya sitini imegongana na wenzake ndani ya gunia la kiwandani hata ikajaa makovu, ilhali haijapata kununua hata kiberiti. Chini ya sitini ni sarafu iliyokwisha tumika, ijapokuwa kwa siku moja. Basi baina ya hamsini na nane na sitini usidhani pana hatua mbili, pana ukuta.

Desturi ya chumba kile ilikuwa kila mkaguzi kuitazama sarafu peke yake, kuandika ngazi katika kikaratasi, na kukifudikiza mezani. Kisha vikaratasi vyote viwili hufunuliwa kwa pamoja, asipatikane wa kumfuata mwenziwe.

Asubuhi ile Binti aliikagua sarafu ya Fundi Saa kabla mwenyewe hajafika. Ilikuwa sarafu ya fedha yenye picha ya korongo. Mke wa Fundi Saa, sasa marehemu, aliipokea kwa karani wa benki siku ile ile sarafu hizo zilipotolewa, akaitia katika bahasha na kuihifadhi chini ya sanduku lake la nguo. Binti aliandika ngazi yake, akafudikiza kikaratasi.

Fundi Saa alipoingia, mzee mkunjufu mwenye vidole vyembamba, aliomba aketi atazame. Shangazi akamkaribisha, akaona si adabu mgeni kukaa gizani, akafungua pazia la dirisha.

"Miaka thelathini nilikuwa nikimtania," alisema mzee. "Namwambia, wewe mwanamke, sarafu hii ulikwisha inunulia chumvi, ukaona haya, ukaenda kuikomboa. Naye ananijibu, Mungu ndiye shahidi yangu, wala simtafuti mwingine."

"Na leo umekuja kumtafutia mwingine," alisema Shangazi.

"Nifanyeje, Bi Lenzi? Shahidi wake haniandikii cheti."

Shangazi alicheka, akaishika sarafu kwa ukingo, akaigeuza chini ya taa huku wakiendelea kuzungumza. Akaandika. Vikaratasi vikafunuliwa. Cha Binti kilisema sitini na tatu. Cha Shangazi, hamsini na nane.

Tabasamu likamfutika Shangazi usoni. "Mwanangu, leo ndiyo umechagua kunifanyia hivi?"

"Nimeandika nilichokiona, Shangazi."

"Mtazame korongo kifuani. Manyoya yako wapi? Yamelala kama godoro la nyumba ya wageni."

"Hayakusuguliwa. Hayakuzaliwa. Chuma cha kugongea hakikushuka kwa nguvu siku hiyo, kwa hiyo kifua kilitoka kiwandani hivyo hivyo."

"Kama hayakuzaliwa, mng'ao ungepita juu yake bila kukatika. Mimi nauona umekatika pale pale. Haya, shika mwenyewe."

Binti akaishika, akaiinamisha polepole. Nuru ilizunguka kama gurudumu, ikafika kifuani pa korongo, ikafifia. Na asubuhi aliiona kwa macho yake mawili ikipita! Neno "nimekosea" lilimfika ulimini. Akakumbuka mita ya chuma na majora ya vitambaa, akalimeza. Lakini hakutaka pia kusema kitu ambacho jicho lake halikishuhudii. Akaiinamisha tena, kwa utulivu zaidi. Ndipo alipoona kwamba nuru hazikuwa moja. Zilikuwa mbili, zikifukuzana, na kila ya kwanza ilipofika kifuani, ya pili ilitokea ubavuni ikaimeza.

Akainuka, akafunga pazia.

"Ala! Mnataka kuniibia?" aliuliza Fundi Saa kutoka gizani.

"Subiri kidogo, baba." Binti alirudi mezani, akaiweka sarafu mkononi mwa Shangazi. "Tafadhali, itazame tena."

Shangazi aliigeuza. Mng'ao ukaondoka ukingoni, ukapanda shingo ya korongo, ukavuka kifua chote, ukatoka upande wa pili kama maji yapitayo juu ya jiwe laini. Akaigeuza mara ya pili na ya tatu.

"Nani alifungua pazia?" aliuliza.

"Wewe, Shangazi."

"Astaghfirullahi. Miaka ishirini na sita nawahubiria watu: taa moja, taa moja. Halafu mgeni mmoja tu..."

"Msinitie mimi lawamani," alisema Fundi Saa. "Sikuomba pazia."

Shangazi alikuwa ameshusha kioo juu ya shingo ya korongo. "Binti, kovu hili umeliona?"

"Nimeliona. La gunia."

"Umelihesabu katika ngazi?"

"Sikulihesabu sana."

"Lihesabu. Liko mahali ambapo jicho hutua kwanza."

Akainama, akatazama kwa muda. "Sitini na mbili."

"Sitini na mbili," Shangazi alikubali, akakichana kikaratasi chake mwenyewe vipande vinne. "Ngazi umekosea kwa moja. Ukuta hukuukosea. Mimi ndiye niliyeukosea."

Fundi Saa alikuwa amesimama. "Kwa hiyo hakuinunulia chumvi?"

"Hakuinunulia kitu chochote, baba," Binti alisema. "Alisema kweli."

Mzee akavua kofia yake, akamwombea mkewe rehema kwa sauti ya chini, kisha akacheka peke yake huku akifuta macho. "Na huko aliko, najua ananicheka."

Shangazi akatoa cheti, akajaza ngazi, akakisukuma mezani pamoja na kalamu. Chini palikuwa na nafasi mbili za saini, na kwa miezi mitatu, ile ya pili ilikuwa ikitoka hapo ikiwa tupu.

"Anza wewe," alisema.

Binti akapiga bismillahi, akasaini. Herufi zikawa kubwa kuliko ilivyopasa, hata mkia wa jina lake ukaingia katika nafasi ya kwanza.

"Sogea kidogo, mkaguzi," alisema Shangazi akiipokea kalamu, "nami nipate pa kuandika."