Udi kwenye Onyesho la Wanawake

Kanubhai, mwenye sinema, alikuwa na vituko jamani! Safari hii alitaka picha inukie. Bibi harusi akitokea tu kwenye pazia, udi ufukizwe chini ya feni, ukumbi mzima ujione uko harusini. Kazi akampa Sofia, muuza udi wa soko la Kariakoo, kwa onyesho la alasiri la wanawake peke yao.

Sofia hakuwa na moyo wa harusi. Mumewe, Ramadhan, mpakuaji wa bandarini, alitumbukia baharini kutoka kwenye tishari la mizigo na hakuonekana tena. Mashoga zake walimsihi akae eda.

"Maiti yake mmeiona?" aliwafokea. "Basi niacheni! Mume wangu atarudi."

Siku ya onyesho udi wa kuuza ulikuwa umemwishia. Ulibaki ule wa chumbani, aliouchanganya kwa mkono wake, ambao hakuwahi kuufukiza ila kumpokea Ramadhan akitoka kazini. Akasita. Ah, moshi ni moshi tu, akajisemea, akautia makaani.

Bibi harusi akatokea. Moshi ukapanda hadi kwenye feni, ukatawanyika. Vigelegele vikapigwa! Kisha vikakatika ghafla. Ndani ya udi ilikuwa imeingia harufu nyingine: grisi, chumvi, jasho la mtu aliyebeba magunia kutwa.

"Kuna mwanamume humu!" mmoja akapiga ukelele, na mabuibui yakavutwa usoni.

Kanubhai akawasha taa kutoka chumba cha mashine ya picha, akachungulia kidirishani. "Mama zangu, mlango nimeufunga mwenyewe!" Na kweli, ukumbini mwanamume hakuwapo.

Sofia hakuinuka. Harufu ile aliijua, ameifua kwenye mashati miaka nenda miaka rudi. Furaha ikamjaa mpaka akalia. Amerudi! Akakigeukia kiti cha ubavuni mwake, ambacho tangu mwanzo hakikukaliwa na mtu. Kilikuwa chapachapa, maji yanachuruzika sakafuni, na mwani umenasa mgongoni mwa kiti. Akayagusa maji, akaonja kidole. Maji ya bahari, ya baridi kuliko barafu.

"Kumbe ndiko uliko," akasema, na furaha yote ikamtoka.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akavua bangili, akawaita mashoga waje kumkalisha eda. Kabla hawajafika, aliutumbukiza udi uliobaki kwenye ndoo ya maji, asije akamwita Ramadhan tena.