Nani Kaing'oa Mezuza ya Tirza

Tirza Abrahamsen alikuwa hautazami tena mwimo wa mlango wake. Mkono ndio uliokuwa ukiutazama. Kila aliporudi kazini, baiskeli kaiacha uani na funguo ziko mkono wa kushoto, vidole vya kulia vilipanda vyenyewe hadi kwenye mezuza, kile kikasha chembamba chenye ngozi iliyoandikwa maneno ya Torati, kisha vikashuka midomoni. Jioni ile ya Alhamisi vidole vilipanda vikagusa mbao tupu.

Akawasha taa ya ngazi. Aliona matundu mawili ya skrubu, moja juu na moja chini, safi kabisa. Aliyeitoa hakuivunja wala hakuipiga teke. Alikuja na bisibisi, akasimama pale kwa utulivu wake, akafungua skrubu moja, akafungua ya pili, akaondoka na vyote. Hilo ndilo lililomsisimua Tirza mwili. Mlevi angeng'oa tu na kukimbia. Huyu alikuwa na nafasi, na hakuogopa kukutwa.

Nyuma yake kitasa kikalia. Mlango wa jirani wa mkabala ulifunguka upenyo mdogo, kisha ukafungwa.

Jirani huyo aliitwa Torben, mwanamume wa makamo, fundi wa lifti, aliyeishi peke yake na kusema maneno machache. Tangu majani ya miti yaanze kupukutika alikuwa na tabia hiyo: Tirza akipanda ngazi, mlango unafunguka kidogo, jicho linachungulia, mlango unafungwa. Wakati mmoja alimuuliza kile kidude cha mlangoni ni cha nini. Tirza akamjibu kwa mkato kwamba ni cha dini. Torben akasema "Ahaa," akaingia ndani. Siku ile "Ahaa" haikuwa na uzito. Sasa Tirza aliirudia kichwani kama mtu anusaye maziwa ya juzi.

Akampigia simu mama yake, Rakel, aliyekaa upande wa pili wa Kopenhagen. Rakel akasema kwa sauti ya chini, "Usipige kelele, mwanangu. Na polisi usiende. Siku hizi labda mlango mtupu ndio heri."

Maneno hayo yalimchoma Tirza. Akamwambia mama yake kwamba mezuza si pambo la kutoa na kuweka, kwamba hicho ndicho hao watu wanachotaka, Wayahudi wajifiche wenyewe bila hata kusukumwa. Rakel hakubisha. Alimuuliza tu kama ameona supu kwenye friji. Alikuwa na ufunguo wa binti yake, na kila Alhamisi, Tirza akiwa kazini, alimletea sufuria ya supu ya kuku yenye matonge ya unga, ili Sabato isimkute na mkate mkavu. Tirza aliipasha moto, akala bakuli zima huku akimlaani Torben kimoyomoyo.

Kesho yake rafiki yake Naftali, kijana aliyejitolea kulinda lango la sinagogi, alimsikiliza hadi mwisho, asishangae hata kidogo. Alisema mtu huanza kwa kuchungulia, kisha huuliza maswali ya kijinga, kisha hugusa. "Usimshtue," akamwambia. "Weka nyingine, uweke na kamera." Rabi akampa Tirza mezuza mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza. Naftali akafunga kamera ndogo juu ya mlango, picha zikawa zinaingia moja kwa moja kwenye simu ya Tirza.

Jumatatu asubuhi Torben alitoka na sanduku lake la vifaa, akaona kamera, akasimama.

"Hiyo inanirekodi mimi?" akauliza.

"Inamrekodi mwenye sababu ya kuiogopa."

"Mimi nakaa hapa, dada. Kila nikitoka ni lazima nipite mbele yake."

"Na mimi kila nikirudi napita mbele ya jicho lako. Unadhani sikuoni?" Ulimi ulikuwa umekwisha kufunguka. "Bisibisi za kila namna zimo humo sandukuni mwako, Torben. Mezuza yangu iko wapi?"

Birthe, mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, alikuwa akipanda ngazi na mifuko ya sokoni. Akasimama katikati ya ngazi, mguu mmoja juu. Torben aliiva masikio. Alifungua kinywa, akamtazama Birthe, akakifunga. Akainua sanduku lake akashuka.

Kimya kile Tirza alikihesabu kuwa ni ungamo. Haukupita muda jengo zima likajua. Mama wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa akimpa Torben funguo zake kila akisafiri, akaanza kumpita kama nguzo. Tirza aliyaona hayo akahisi faraja ambayo hakutaka kuichunguza. Usiku alisikiliza mlango wa mkabala. Asubuhi, kabla ya kutoka, alichungulia kwanza kwenye tundu la mlango. Alianza kuwashuku hata waliomwonea huruma: kwa nini Birthe anauliza sana? Kwa nini mpeleka barua siku hizi anatabasamu?

Alhamisi iliyofuata alikuwa dukani akimpimia mteja fremu za miwani, simu ikalia mfukoni. Akaomba radhi, akaingia chumba cha nyuma, akaifungua.

Kwenye picha ya kamera, mbele ya mlango wake, alisimama mtu aliyevaa koti la kijivu na kofia ya sufu. Mtu huyo aliweka mfuko sakafuni polepole, kama mwenye kitu cha kumwagika. Akainua mkono, akaigusa mezuza, akabusu vidole. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye mwimo, akakaa hivyo kwa kitambo. Alipojiinua alitoa bisibisi kwenye mkoba, akageuka kutazama ngazi kama mwizi. Alikuwa Rakel.

Mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo. Tirza alikaa juu ya boksi la vioo, mteja akaachwa na fremu puani.

Aliomba ruhusa, akapanda baiskeli, akavuka mji mzima mvuani. Kwenye mlango wa mama yake alisimama kabla ya kubisha. Mwimo wa pale nao ulikuwa mtupu. Mama alikuwa amemwambia kwamba mezuza imetolewa kwa ajili ya wapaka rangi, naye akaamini, akapita hapo mara nyingi. Sasa aliitazama ile rangi. Ilikuwa ya zamani, imeanza kubanduka.

Rakel alifungua, akamwona alivyolowa, akaelewa.

"Ziko wapi, mama?"

Rakel alichukua mkoba wake, akatoa kitambaa cha mezani kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na mezuza tatu, mbili za binti yake na moja yake mwenyewe. Kumbe alitembea nazo kila aendako.

Ndipo akasimulia, macho yakiwa mezani. Mwanzoni mwa vuli, majani yalipoanza kupukutika, aliamka akakuta mlango wake umechorwa nyota ya Daudi kwa wino mweusi, na chini yake neno ambalo hakutaka kulitamka mbele ya mwanawe. Akalisugua kwa dawa ya kufulia kabla majirani hawajaamka. Hakumwambia rabi, hakumwambia polisi. Tangu hapo mtu akimtazama kwenye basi, hushuka kituo kinachofuata.

"Hapa kwangu nilikuwepo nikafuta," akasema. "Kwako nani angefuta?"

"Kwa hiyo ukaniibia."

"Nilikuficha. Si kitu kimoja."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungeweka kubwa zaidi. Nakujua, nimekuzaa."

Tirza nusura acheke. Kisha akakumbuka. "Mama, nimemsingizia mtu. Mbele za watu. Torben, jirani yangu."

Rakel akaziba mdomo kwa kiganja. Ilikuwa ni yeye, akasema, aliyemwendea Torben wiki ileile ya mchoro, akamwomba awe anamwangaliaangalia binti yake akirudi kazini. Torben hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Hakuna shida, mama."

Ijumaa, jua likielekea kuzama, Tirza alibisha mlango wa mkabala. Safari hii ulifunguka wote. Akayasema yote bila kujipunguzia. Torben alisikiliza akiwa ameshika kitasa. Akasema alimwona Rakel akiitoa mezuza ile Alhamisi ya kwanza, na Rakel akaweka kidole midomoni mwake kumwashiria asiseme.

"Nikajua ni mambo ya kwenu, ya ndani," akasema. "Nisingeweza kumtaja mama yako mbele ya Birthe."

"Na baadaye je? Kwa nini hukuniambia?"

"Baadaye ulikuwa hunisalimii."

Tirza akamkaribisha chakula cha Sabato. Torben akakataa, bila ukali. "Si leo. Kwanza shuka chini uwaambie. Anza na Birthe. Na hiyo kamera itoe."

Akashuka ghorofa baada ya ghorofa, akaeleza. Birthe alisema hakuwahi kuamini hata siku moja. Mama wa ghorofa ya kwanza akasema vilevile. Hilo lilimuumiza Tirza kuliko kama wangemtukana. Akarudi juu, akatoa kamera, akafunga mezuza ileile ndogo ya kwanza, aliyorudishiwa na mama yake, akasoma baraka yake peke yake, haraka, maana mwanga ulikuwa unakwisha.

Rakel alifika na mkate wa kusuka chini ya koti. Mezuza yake mwenyewe, alisema, hataifunga bado, apewe muda. Tirza hakumshurutisha. Kabla ya kuwasha mishumaa, Rakel alikwenda dirishani akavuta pazia hadi ncha zikapandana, na Tirza, ambaye wiki moja nyuma angelifungua kwa hasira, akamwacha. Wakabariki divai, wakaanza kula.

Katikati ya supu, nyayo zikasikika ngazini, nzito, za mtu wasiyemjua. Vijiko vyao vikasimama hewani. Nyayo zikafika mlangoni, zikapita, zikaendelea kupanda ghorofa ya juu. Rakel akausogeza mkate upande wa binti yake.

"Kula," akasema, "inapoa."