Mbele ya Macho ya Wote

Jumamosi ya tano ilimkuta Kabedi bado anakalia ukingo wa benchi, kama mteja anayengoja suruali yake ipigwe pasi aende zake. Viziwi kumi na mmoja walikuwa wamejaa katika duka la fundi Polycarpe, mshona nguo wa pale Manika, mtaa wa Kolwezi, mikono yao ikienda mbio, wakicheka, wakibishana, wakisengenya watu kwa raha zao. Yeye aliambulia neno moja katika kumi.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na ukiziwi wake ulikuwa na miezi kumi na minne tu. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka hakusikia tena hata jogoo. Kusema alisema kama zamani, na midomo ya watu aliisoma, mradi wasiharakishe. Basi akawa si wa huku wala si wa kule. Nyumbani, mezani, ndugu zake walipiga soga mpaka machozi yakawatoka kwa kicheko, na alipouliza kuna nini walimjibu kwamba si kitu, watamwambia baadaye. Baadaye hiyo haikufika hata siku moja. Mtawa wa parokia ndiye aliyemwelekeza kwa fundi Polycarpe, na Kabedi alikwenda kwa hasira kuliko kwa matumaini.

Huko nako hakupokewa kwa vigelegele. Fundi mwenyewe, mzee wa kutoka Sandoa, kiziwi tangu kuzaliwa, alimfundisha kwa upole. Lakini Falonne, muuza karanga, msichana wa rika lake, hakuwa na subira na mtu mzito wa mikono. Alimwigiza mbele ya wote, vidole vimekakamaa kama vya maiti, na duka zima likacheka. Kabedi alimeza uchungu wake akarudi Jumamosi iliyofuata, kwa sababu ukaidi alizaliwa nao.

Ile siku ya tano aliingia mama mmoja mwenye kitenge cha kushonwa. Alipogundua kwamba Kabedi anasema, alimganda. Wakazungumza juu ya mikono ya gauni, juu ya kwaya, juu ya mume wa jirani. Kabedi alicheka, tena kwa sauti. Mwaka mzima hakuwa amejisikia mtu namna ile. Ntambwe, seremala kijana aliyekaa karibu naye, alimgusa bega akauliza wanasema nini. Kabedi akamjibu kwa mkono, bila hata kumtazama: si kitu, baadaye.

Mikono yote dukani ikasimama. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na siku hiyo nyani alikuwa Kabedi. Falonne alikuja akasimama mbele yake, akamwambia polepole ili asipate kisingizio: ukitaka mambo ya midomo, nenda nje kwa wenye masikio. Ndani ya nyumba hii hakuna neno linalopita juu ya vichwa vyetu. Kabedi alichukua mkoba wake akaondoka akiapa hatarudi. Njiani ndipo aliposhikwa na aibu, kwa kuwa alijua ametenda kile kile alichokuwa akitendewa mezani kwao.

Hakupata hata nafasi ya kulala na aibu hiyo. Ilikuwa mwaka 1993, kampuni ya migodi ilikuwa imekongoroka, mishahara haitoki, na wakubwa waliwaambia watu kwamba chanzo cha njaa yao ni watu wa asili ya Kasai, mkoa wa jirani. Uongo mtupu, lakini mwenye njaa hachagui uongo. Tata Henri, baba yake Kabedi, karani wa kampuni, alizaliwa Kolwezi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai, na aliletwa na wazungu achimbe shaba, hakujileta. Haikusaidia. Jumatatu walikuta mlango wao umepigwa msalaba wa rangi nyekundu, na Jumatano walikuwa stesheni na magodoro na masufuria, pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Mama yake, Mama Ndaya, alimkataza kuchezesha mikono yake pale, kwani wanatazamwa vya kutosha.

Jumamosi Kabedi alitoroka stesheni akaenda Manika kwa miguu. Alikwenda kuomba radhi, jambo lililomuuma kuliko hata kufukuzwa. Alitaka kitu kimoja tu: asiondoke Kolwezi akiwa mtu wa nje mara mbili.

Walikuwepo wote kumi na mmoja. Kabla hajainua mkono, mlango ukazibwa na vijana watatu wenye marungu. Aliyewatangulia alikuwa Dodo, mtoto wa jirani yao, aliyekula kwao utoto wake wote. Alishangaa kumkuta. Kisha akafurahi, kwani alikuwa amepata mtu wa kumuuliza.

"Kabedi, we unaweza kusema," alimwambia, akipanua midomo ili aelewe. "Hapa nani na nani beko ba Kasai? Utuambie, na mi nitaomba bakuache ku nyumba mpaka train ifike."

Kabedi alijua nani ni wa Kasai. Ntambwe alikuwa amemwambia siku ya pili tu kwamba baba yake ni wa Kasai. Mtaani kwake hakuna aliyejua, na dukani hakuna aliyewahi kuuliza. Ingetosha aseme kwa mdomo kwamba hapa hakuna, na labda Dodo angeondoka. Neno moja, nao wasingejua hata kilichopita. Ulimi ulimwasha. Lakini aliona jozi kumi na moja za macho zikimtazama, na macho ya Falonne hayakumtarajia mema.

Alimwinulia Dodo kiganja: ngoja. Akawageukia wenzake, akaanza kuwaeleza swali lile kwa mikono yake mizito, neno kwa neno, na zawadi aliyoahidiwa pia hakuificha. Alikosea akarudia. Dodo alimvuta bega akitaka kujua anafanya nini.

"Minabaambia byote byenye unasema," Kabedi alimjibu. "Hii nyumba ni yabo."

Alipomaliza, akatoa jibu lake, la wengine akiwaachia wenyewe, kwa mikono na kwa mdomo pamoja, wasikie wenye kusikia na waone wenye kuona. "Mukasai ni mi. Bengine, ubaulize bo beneye."

Fundi Polycarpe aliweka mkasi mezani. Alimwomba Kabedi amwambie kijana huyo kwamba alimpima suruali ya kipaimara, na siku ile hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila. Kabedi alimwambia. Dodo alitazama viatu vyake.

Ndipo Ntambwe aliposimama. Kabedi alimfanyia ishara kwa siri, akae, akae chini. Ntambwe alitikisa kichwa. Alijipiga kifuani, akaandika jina la baba yake kwa chaki ya fundi juu ya meza, akamgeukia Kabedi. Swali lilikuwa langu, alimwambia, na mimi nimejibu. Kama Kabedi angedanganya, kijana huyu angelala kwake usiku huo. Lakini Ntambwe alikuwa amenyoosha mgongo wake namna ambayo hakuwahi kumwona nayo.

Dodo aliamuru hao wawili watoke, waende stesheni sasa hivi. Kabedi akafasiri. Falonne akajitwika beseni lake la karanga, fundi akachukua funguo, na wote wakatoka. Dodo alipiga kelele kwamba amesema wawili. Kabedi akafasiri hilo nalo, kwa uaminifu wote.

Falonne alijibu bila kupunguza mwendo. Mwambie sikusikia.

Kabedi alimwambia. Mmoja wa wale wenye marungu alicheka kabla hajajizuia.

Walipita katikati ya barabara, watu kumi na wawili, mikono yao ikibishana kwa upana, na watu wa soko wakaacha biashara kuwatazama. Stesheni, Tata Henri alimsogezea Ntambwe godoro bila maswali. Siku nne zaidi walizongoja, viziwi walikuja kwa zamu na ugali wa bukari na maji. Waliitwa wasaliti, wakatemewa mate, na kesho yake wakarudi. Mama Ndaya alimwambia Kabedi kwa midomo tu, bila sauti, kwamba watu wote wanatazama.

"Mama, baache baangalie," Kabedi alisema.

Treni ilifika siku ya tano, mabehewa ya mizigo yasiyo na paa. Watu walipakiwa wakibebana. Ilipoanza kusogea, kelele za injini na kilio vilimeza kila kwaheri. Wake waliwaita waume zao, akina mama waliwaita wana waliobaki, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Kabedi alisimama juu ya gunia, Ntambwe akimshika kiuno asianguke, akaendelea kuzungumza na Falonne. Falonne alikuwa akikimbia kando ya reli, akimwambia kwamba Mwene-Ditu, huko Kasai, wapo viziwi wenzao, awatafute sokoni, asiwangoje wamtafute yeye.

Kabedi akamjibu kwamba atarudi. Falonne akatikisa kidole: umekosea, hivyo haisemwi. Akamwonyesha huku akikimbia. Kabedi akarudia, behewa likamyumbisha, akakosea tena. Falonne alimkaripia, uso mzima umelowa machozi. Mara ya tatu Kabedi alitanua miguu yake, akaisema sawasawa, kwa mikono miwili juu ya kichwa, na Falonne akasimama kando ya reli akamwitikia.

Dodo na wenzake walikuwa wamepanga mstari kando ya reli na marungu yao. Waliyaona mazungumzo yale yote, mwanzo hadi mwisho, na hawakujua hata wafanye nini ili kuyanyamazisha.