Disketi za Bi Johari

Stambuli aliiingiza kompyuta yake kwenye karakana yangu ikiwa imefunikwa shuka la kitanda, na yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Ilikuwa masika ya mwaka wa tisini na tatu. Karakana ilikuwa Changamwe, kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege, chumba kimoja nilichotengenezea taipureta, mashine za fotokopi, na zile kompyuta chache ambazo wenye maduka walikuwa wameanza kuzinunua bila kujua wanataka ziwafanyie nini. Nina ulimi mkali, kila aliyepita pale anajua. Lakini siku ile sikumkaripia kwa kunilowanishia sakafu, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika.

"Dada Kadzo," akasema, "umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa kishindo. Tangu hapo haiwaki."

Nikaifungua. Kifaa cha kuingizia umeme kilikuwa kimeungua, hilo ni jambo dogo. Nilipoweka kingine na kuiwasha, diski ya ndani, ile inayobeba kila kitu, ikaanza kukwaruza kama mbuzi ya nazi. Nikaizima upesi. Diski ikifika kukwaruza hivyo, hakuna fundi wa Mombasa wala wa Nairobi atakayekutolea neno ndani yake.

"Hii imekwenda," nikamwambia. "Una nakala?"

Nilikuwa nauliza tu, kwa mazoea. Wateja wangu wengi hawakujua nakala ni nini. Mmoja niliwahi kumwuliza swali hilo akaniletea fotokopi ya risiti aliyonunulia mashine. Lakini Stambuli aliposikia, uso ulimchangamka.

"Ninazo! Kila mwisho wa mwezi nanakili hesabu zote za duka kwenye disketi mpya. Sijaruka hata mwezi mmoja kwa miaka minne. Ziko kwa mama, Jomvu Kuu."

Wallahi nilitaka kumkumbatia. Nikampa kitambaa ajifute na nikamtilia chai, jambo ambalo sikuwa nikimfanyia mtu.

Akiinywa ile chai ndipo akanieleza yaliyomleta. Baba yao alikuwa na duka la vipuri vya malori, na alipokufa aliwaachia yeye na dada yake Mwanarusi, aliyeolewa Likoni. Stambuli ndiye aliyekaa dukani. Mwaka wa kwanza tu Mwanarusi akaanza kusema kwamba ndugu yake anakula peke yake. Stambuli akasema hakuna cha kula, duka linajikokota, na kila kitu kimo ndani ya kompyuta. Mwanarusi akasema hesabu zikikaa kwa mshitakiwa si hesabu. Basi wakakubaliana: kila mwezi nakala zipelekwe kwa mama yao, Bi Johari, ambaye wote wawili wanamwamini, naye azifungie sandukuni mwake hata siku zitakapotakiwa. Siku hiyo sasa imefika. Jumamosi Mwanarusi atakuja Jomvu Kuu. Zikionyeshwa hesabu, atanyamaza. Zisipoonyeshwa, atachukua funguo na mumewe atauza duka.

"Na vitabu?" nikamwuliza. "Daftari za zamani, risiti, ankara?"

Akatazama kikombe. "Tulipohamia kwenye kompyuta, makaratasi yakawa yanajaa tu. Nikawa nampa mwanamke mmoja auzaye viazi karai pale jirani, afungie viazi."

"Yote?"

"Yote. Nilidhani ndiyo maendeleo."

Nilikuwa na bisibisi mkononi, nikaiweka mezani kwa usalama wake. Hebu fikiri, hesabu za miaka minne zimeliwa na pilipili na ndimu Changamwe nzima! Lakini disketi zipo, nikajituliza. Mwenye disketi ana kila kitu.

"Duka walichukue tu wakitaka," akasema akiinuka. "Mimi nataka jambo moja. Mama asikie kwamba sikumwibia dada yangu. Mama hasemi kitu, lakini siku hizi nikiingia kwake ananitazama kwanza mikono."

Kesho yake akarudi na bunda lililofungwa kwa leso. Nilipolifungua, chumba kizima kikanukia harusi. Harufu ya udi ilikuwa nzito hata mteja aliyekuwa mlangoni akauliza nani anaolewa. Disketi zilikuwa zimepangwa vizuri, zile pana nyembamba zinazopinda, kila mwezi na jina lake. Nikaishika moja. Iling'ang'ania vidole.

"Hizi zimekaa wapi?" nikauliza.

"Sandukuni, pamoja na nguo za mama za thamani na kanzu za marehemu baba." Alisema kwa fahari, maskini. "Na mama hazisahau. Kila Alhamisi jioni akifukiza nguo zake, nazo huzifukiza. Asema riziki ya wanawe imo humo, haifai kukaa bila baraka."

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Chetezo kinawekwa makaa, juu ya makaa udi, na juu ya chetezo linafunikwa tenga la miyaa. Nguo hutandazwa juu ya tenga, moshi ukapenya ndani yake. Na udi wa Bi Johari haukuwa kijiti cha dukani. Ulikuwa udi wa nyumbani, unaopikwa kwa sukari na marashi mpaka unate. Kwa hariri ni jambo zuri sana. Disketi ina tundu katikati na dirisha ubavuni, na ndani yake kuna utando mwembamba ambao hata vumbi la kidole huuharibu. Alhamisi baada ya Alhamisi, kwa miaka minne, mwanamke yule alizilaza juu ya joto na moshi wa sukari, kwa mapenzi.

Hayo sikumwambia. Nikamwambia aende dukani, nitamwita.

Nikatia ya kwanza. Kompyuta ikanguruma, ikashindwa, ikaniuliza niache au nijaribu tena. Nikajaribu tena. Nikajaribu ya mwezi uliofuata, na uliofuata huo. Nikapangusa kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Pamba ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Kila disketi niliyoitia iliacha uchafu wake pale ndani, ikaharibu na nafasi ya iliyofuata. Nikazitazama zile za mwisho, za miezi ya karibuni, nikidhani labda hazijala moshi mwingi. Hizo zilikuwa zimepinda kwa joto, yaonekana ndizo alizokuwa akizitanguliza chini kabisa, karibu na makaa.

Sikukata tamaa upesi, mimi ni mbishi. Nikachana ganda la disketi moja kwa wembe, nikautoa ule utando, nikauosha kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, na tone la sabuni, nikauanika kivulini na kuuvisha ganda jipya. Ikazunguka. Nikashika pumzi. Kwenye kioo yakaanza kutokea majina ya wateja, moja chini ya jingine, gereji fulani ya Miritini, mwenye malori fulani wa Mazeras. Nikapiga kelele peke yangu. Kisha majina yakakatika katikati ya neno, na hapakutokea tena kitu. Hakuna aliyelipa nini, hakuna kilichonunuliwa, hakuna kilichobaki. Nikaziosha zote. Kwa siku zilizobaki nilifunga mlango na sikupokea kazi nyingine. Ilipofika Ijumaa adhuhuri nilikuwa na majina ya watu na hewa tupu.

Stambuli alikuja kutoka msikitini na kanzu yake. Nikamwonyesha pamba, nikamwonyesha utando uliopinda. Nilimweleza kwa ukali, kwa sababu nilikuwa na huzuni na sijui kuhuzunika kwa upole.

Akaigeuzageuza ile pamba vidoleni. Kisha akasema, "Mama asijue."

"Asijue vipi? Ukimwambia ukweli, umesalimika! Dada yako atajua nakala zilikuwapo, ziliharibika tu."

"Ziliharibiwa na nani?"

Nikaanza kuzirudisha disketi ndani ya leso.

"Mama yangu hana kitu, dada Kadzo. Macho yamepungua, miguu haimchukui. Kilichombakia ni kwamba yeye ndiye aliyeshika amana ya wanawe. Kila nikienda ananionyesha sanduku, 'Ndizo hizi hapa, sijazipoteza.' Nikamwambie ni yeye aliyezichoma? Atakufa nalo."

"Na wewe utaishi nalo?"

"Nitasema ni unyevu. Masika haya, nani atauliza?"

Akaniomba nifuatane naye, nikaseme maneno ya kifundi. Nilikataa. Nikakataa tena. Jumamosi nikaenda.

Nyumba ya Bi Johari ilikuwa ndani ndani, mwisho wa kijia, baada ya msikiti. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani ukumbini, amejipanga, buibui mabegani, kama mtu anayengoja wageni wa heshima. Mwanarusi alikuwa ameketi mkekani karibu na miguu yake, mwanamke mnene mwenye macho ya kukesha.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Ndoo, keti hapa nikuone. Wewe ndiwe fundi? Mwanamke! Mashallah." Akanishika mkono kwa viganja viwili. "Umezisoma amana zangu? Nimezitunza kama mato yangu ya kuonea."

Nikatazama chini. Stambuli akakohoa. "Mama, hesabu hazikupatikana. Disketi zimeingia unyevu. Fundi amejaribu kila njia."

"Unyevu?" Bi Johari akacheka. "Unyevu utoke wapi? Sanduku langu la mvule, halijangia tone tangu niolewe. Na hizo hazikai baridi hata wiki moja. Kila Alhamisi mimi nazitoa, naziweka juu ya..."

"Mama," akasema Stambuli.

"Ngoja niseme! Naziweka juu ya tenga, zapata joto, zapata moshi wa udi mzuri. Huo unyevu wangia saa ngapi?"

Mwanarusi aliinua kichwa polepole. Hakuwa mjinga. "Juu ya moto, mama?" akauliza. "Wewe waziweka zile disketi juu ya moto?" Akanigeukia. "Fundi, kitu kama kile chaweza kuwekwa juu ya moto?"

Bi Johari akamtazama binti yake, kisha akanitazama mimi. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, lakini viganja vyake vilikuwa vimeacha kuubana mkono wangu. Alikuwa anakaribia kuelewa. Nikafungua mdomo, na naapa nilikuwa naenda kusema kweli.

"Hazikuharibika," akasema Stambuli kwa sauti kubwa. "Si unyevu wala si moto. Zilikuwa tupu."

Mwanarusi akanisahau mimi, akamgeukia yeye.

"Sikunakili hata moja," akaendelea. "Nilikuwa nanunua disketi tupu, naandika jina la mwezi, namletea mama. Sikutaka hesabu zionekane."

Niliona jinsi anavyoyapanga maneno moja baada ya jingine, mtu asiyezoea kudanganya, na jasho likimtiririka. Mwanarusi hakufurahi, kinyume na nilivyotarajia. Alifunika uso kwa mtandio akaanza kulia. "Nilitaka niwe nimekosea," akasema. "Ewe Mola, miaka yote nilitaka niwe nimekosea."

Bi Johari aliuachia mkono wangu. "Fundi," akasema, "yeye ni mwanangu, atasema lolote. Wewe si wa kwetu. Hizo disketi zina kitu, hazina?"

Stambuli alinitazama. Sijapata kuombwa namna ile na mtu asiyetamka neno. Nilimchukia kwa kuniweka pale. Nilimchukia mama yake kwa swali lake, na mwenyewe nilijichukia kabla sijajibu.

"Hazina kitu, mama," nikasema.

Mwanamke yule alikaa akitikisa kichwa, si kwa hasira. Ilikuwa aibu, na ilikuwa ya kwake mwenyewe, kwa kuwa mjinga aliyechezewa.

"Wiki hata wiki," akasema. "Miguu yaniuma, nainuka, nazitoa moja moja kwa bismillahi. Nawaambia na majirani, riziki ya wanangu hii. Kumbe nalea uwongo wako." Akavuta pumzi. "Babako alikufa amekushika mkono, Stambuli. Alisema hana wasiwasi nawe. Alhamdulillahi hakungoja kuyaona haya."

"Naam, mama," akasema Stambuli.

"Mpe nduguyo funguo. Kisha toka kwangu."

Akaziweka funguo mkekani mbele ya Mwanarusi. Alitaka kuubusu mkono wa mama yake, kama anavyoaga siku zote, akaupeleka uso wake karibu. Bi Johari akauficha mkono ndani ya buibui.

Nilimfuata nje. Alikuwa amesimama ukutani kwa jirani, anavaa viatu na kuvikosea. Nikangoja anilaumu kwa kukawia kwangu kujibu, au kwa lolote.

"Umeona?" akaniambia. "Hakujua."

Akajaribu kucheka. Kisha akakaa chini palepale njiani akalia, mtu mzima na ndevu zake, na watu wa msikitini wakaanza kutoka mmoja mmoja wakitutazama. Kufika jioni, Jomvu Kuu nzima ilikuwa inajua kwamba mtoto wa Bi Johari ni mwizi.