Ukurasa wa Tarehe Kumi na Mbili Oktoba

Simu iliita Jumanne asubuhi, Orlena Sizemore akiwa anakanda unga, mikono imezama hadi vifundoni. Akabonyeza kitufe kwa kiwiko, na sauti ya Kendra Applegate wa ofisi ya ustawi wa jamii ikajaa jikoni.

“Bi Orlena, samahani. Kuna jambo limejitokeza kwenye uchunguzi wa ombi lenu la kumlea Tansy. Linamhusu mume wako.”

“Hobert? Ana shinikizo la damu. Tuliandika kwenye fomu.”

“Si hilo. Jina lake lina rekodi ya kukamatwa, mwaka tisini na moja, hapa hapa kaunti. Shambulio la daraja la nne.” Karatasi zikasikika zikifunuliwa. “Na haionyeshi kesi iliishaje. Nikiwa na rekodi iliyo wazi namna hiyo, siwezi kusaini. Nisiposaini kufikia Ijumaa saa sita mchana, Tansy atahamishiwa familia nyingine, kaunti ya mbali zaidi.”

Tansy alikuwa na miaka mitano, mtoto wa binti yao Jolene. Jolene alikuwa kwenye kituo cha tiba akipambana na uraibu wa vidonge, na safari hii alionekana kupambana kweli. Kwa wiki tano mtoto alikuwa akilala katika nyumba mbili za watu asiowajua. Chumba chake kilikuwa tayari. Hata wakati huo Hobert alikuwa ghalani, anapiga msasa ubavu wa kitanda kwa mara ya tatu, akiogopa kibanzi kisije kikamchoma mjukuu.

Orlena alimtazama kupitia dirishani. Alimjua mtu huyu miaka thelathini na tatu. Alikuwa mchimba makaa, kisha dereva wa basi la shule, mtu wa kumwomba radhi mbwa akimkwaza gizani. Shambulio?

Hakumwita. Alinawa mikono, akakaa mezani na simu, akafungua ukurasa wa sherifu wa Kaunti ya Tackett, akaandika jina. Ukatokea mstari mmoja tu: Sizemore, Hobert T. 12/10/1991. Shambulio, daraja la 4. Palipoandikwa “hatima”, patupu.

Walioana Juni tisini na mbili. Oktoba ya mwaka uliotangulia, Orlena alikuwa ndiyo kwanza anamfahamu. Basi kabla yake kulikuwa na nani? Alimpiga nani? Wazo hilo liliingia kama panya, na kila alipolifukuza lilipenya mahali pengine. Akaona aibu kulifikiria, na bado akalifikiria. Akachukua funguo za gari.

“Unakwenda wapi?” Hobert aliuliza kutoka ghalani, nyusi zimejaa vumbi la mbao.

“Mjini mara moja.”

“Niletee msasa. Ule laini kabisa.”

“Hobert, hicho kitanda kitakwisha uzito.”

“Acha kiteleze,” alisema, akacheka, akarudi kazini.

Dirisha la kumbukumbu za sherifu lilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la mahakama, na nyuma yake alikaa Vonda Rasnick, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo wa shanga.

“Bi Orlena! Umekuja kujisalimisha?”

“Vonda, leo sina moyo wa utani.” Akaisukuma simu chini ya kioo. “Nataka kujua hii maana yake nini.”

Vonda alivaa miwani. Utani ukamtoka usoni. “Hobert? Hobert wetu?”

“Ndiye.”

“Basi kwanza vuta pumzi, mpenzi. Watu wanakosea sana hapa. Wanasoma orodha hii kama hukumu. Hii ni orodha ya waliokamatwa. Inakuonyesha mtu aliingilia mlango gani. Haikuonyeshi alitokea wapi. Pengine walimwachia baada ya saa moja, pengine jaji alifuta, pengine hakuna hata aliyefungua jalada. Hayo hayako kwangu. Yako juu, kwa karani wa mahakama. Ofisi mbili, vitabu viwili, na kompyuta zao hazisalimiani.”

“Kwa hiyo nipande.”

“Panda. Kisha rudi uniambie, maana sasa hata mimi sitakula mchana.”

Karani wa juu alikuwa mzee mkimya. Alitafuta kwa jina, akatafuta kwa tarehe ya kuzaliwa, akaingia chumba cha nyuma kutafuta kwenye kadi za zamani. Alirudi anapangusa vumbi.

“Nina moja tu. Kuvua samaki bila kibali, mwaka elfu mbili na tatu.”

“Hiyo naijua. Samaki mwenyewe alikuwa kama kijiko.”

“Zaidi ya hapo hakuna. Hakushtakiwa, hakusimama mbele ya jaji. Nitakuandikia cheti kwamba kesi haikufunguliwa.”

Orlena alishuka na cheti chake chenye muhuri, lakini moyo ulikuwa umeshuka nusu tu. Kesi haikufunguliwa. Mwanamke anaweza kupigwa, akaogopa, na kesi isifunguliwe. Alikuwa amewajua wawili wa namna hiyo, mmoja ni dada yake.

“Nataka kujua alifanya nini, na alimfanyia nani,” alimwambia Vonda. “Hata kama ni baya. Tansy atalala nyumba hiyo.”

Vonda alivaa miwani tena. “Tarehe gani ile? Kumi na mbili Oktoba. Kompyuta ilijazwa miaka mitatu iliyopita, mstari mmoja mmoja, na vijana wa kampuni ya mbali. Lakini daftari lenyewe lipo chini. Ni la umma, una haki ya kuliona. Nisubiri.”

Alirudi amekumbatia daftari kubwa la kijani kama mtu aliyebeba ndama. Akalibwaga kaunta, akafunua. Miezi yote ya mwaka ule ilikuwa miembamba: wiki hii walevi wawili, wiki ile mwizi wa betri. Kisha wakafika Oktoba.

“Mama yangu!” Vonda alisema.

Ukurasa ulijaa juu hadi chini na kumwagikia wa pili. Watu ishirini na saba, siku moja ya Jumamosi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wote kwa mwandiko uleule wa kujibana.

“Kulikuwa na fujo gani?” Vonda aliuliza. “Maasi?” Kidole chake kikateremka. “Mchungaji Eldon Whisman, kuwazuia watu isivyo halali. Mkuu wa shule, Bi Cloyd, kutishia watoto. Na huyu… Subiri. Huyu ni mama yangu! Udanganyifu wa kibiashara? Mama yangu?”

Orlena aliinamia ukurasa. Alikuwa ameufikia mstari wa kumi na tisa. Hobert T. Sizemore. Shambulio, daraja la 4. Na pembeni, palipoandikwa mlalamikaji: O. Fugate.

Fugate lilikuwa jina lake la usichana.

Karatasi ndogo ya waridi ilikuwa imebanwa pale kwa pini yenye kutu, nayo ina mwandiko wa Orlena mwenyewe, wa miaka ishirini na minne, herufi zote zimenyanyua pua: *Akamatwe Hobert Sizemore. Amenikanyaga mara saba kwenye dansi la Jumamosi, na viatu vya mgodini.*

Alianza kucheka, kicheko kikageuka, ikabidi Vonda atafute karatasi za kufutia machozi.

“Siku ya keki,” Orlena alisema alipoweza kusema. “Vonda, hii ni siku ya keki.”

Kila mtu wa makamo katika bonde lile aliijua siku ya keki. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea kilitaka gari jipya, basi ukiandika kikaratasi kumshtaki jirani yako kwa lolote, sherifu anakwenda kumchukua na kumtia ndani. Hatoki mpaka anayempenda alete keki au pai ya kumdhamini, na keki hizo zinapigwa mnada. Mchungaji alishtakiwa kwa mahubiri marefu. Mama yake Vonda, kwa pai isiyo na sukari ya kutosha. Orlena alimshtaki kijana aliyemkanyaga, kisha akajisikia vibaya, akaenda nyumbani kuchukua keki ya tabaka sita za tufaha kavu aliyokuwa ameoka mama yake, akamdhamini mwenyewe. Walizungumza saa nzima kwenye nondo kabla hajamtoa. Alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kila mwaka, lakini katika hadithi yake hapakuwa na mhalifu hata mmoja, ndiyo maana neno “shambulio” halikumkumbusha siku hiyo.

“Lakini nani aliyeyaandika hivi?” Vonda aliuliza. “Na alama za vidole, zote ishirini na saba! Ona!” Akatazama sahihi ya chini. “Dwaine Lykins. Ah. Dwaine.”

Hakuhitaji kueleza zaidi. Dwaine ndiye askari aliyewahi kumwandikia mkewe faini.

Jioni Orlena alimweleza Hobert yote, hata lile wazo lililopenya kama panya. Aliweka msasa chini.

“Ulinifikiria hivyo?”

“Ndiyo.”

“Tangu saa ngapi?”

“Tangu saa tatu asubuhi. Mpaka karibu na saa saba.”

Hobert alifikiri. Maneno yalikuwa yamemwuma, na hakujifanya hayakumwuma. “Ingekuwa ni mtu mwingine anataka kuishi nyumba moja na Tansy,” alisema mwishowe, “ningetaka umfikirie hivyohivyo.” Kisha akaongeza, “Lakini mpaka saa saba, Lena? Hata saa sita usingeweza?”

Alhamisi Kendra alifika na mkoba wake na uso wa mtu ambaye hakulala. Alisoma cheti. Akasoma nakala ya ukurasa wa daftari, mstari wa kumi na tisa. Akamwomba Hobert atoke nje kidogo.

“Bi Orlena, hapa mlalamikaji ni wewe. Wewe ndiye unayesemekana ulishambuliwa.”

“Ulikuwa mzaha, binti yangu.”

Kendra alishusha macho. “Wanawake wengi waliopigwa huniambia hivyohivyo. Neno kwa neno. ‘Ulikuwa mzaha.’ Nami niliwahi kuamini mara moja, na sitaki kusema ikawaje.”

Orlena alitaka kukasirika, akashindwa. Binti huyu alikuwa anamlinda Tansy, tena dhidi ya nyumba yake yeye Orlena, na hakukuwa na mtu aliyemtuma kufanya hivyo ila dhamiri.

“Basi usiniamini mimi,” alisema. “Soma ukurasa mzima. Wote ishirini na saba. Na nimemwita aliyeandika.”

Dwaine Lykins alikuwa ameshuka garini zamani na kusimama uani pamoja na Hobert. Sasa alikuwa mfuga nyuki, miaka sitini, lakini alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Aliingia, akavua kofia.

“Bwana Lykins,” Kendra alisema, “ulimkamata huyu bwana?”

“Nilimkamata.”

“Kwa nini?”

“Kulikuwa na malalamiko ya maandishi. Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini. Sherifu aliniambia, ‘Dwaine, waandike wote vizuri.’ Nikawaandika vizuri. Sheria haina kosa linaloitwa mahubiri marefu, bibie. Nilikesha na kitabu cha sheria kutafutia kila mtu kosa lake.”

“Na hukumwuliza sherifu kama alimaanisha kweli?”

“Aliniambia niandike vizuri,” Dwaine alirudia, masikio yakiwa mekundu. “Baadaye wote walikuwa wanakula keki. Niliona wameridhika.”

“Na Bwana Sizemore? Alisema nini ulipomkamata?”

“Nilimwuliza kama amemkanyaga huyu mama mara saba. Akasema hapana.”

Orlena akageuka. Hobert, mlangoni, akatazama dari.

“Akasema ni mara tisa,” Dwaine alimalizia. “Mbili alizikanyaga kwa makusudi, ili huyu mama amwangalie.”

Kendra aliweka kalamu mdomoni. Alipambana, mtu angeweza kuona jinsi alivyopambana, kisha mabega yakamtikisika kwa kicheko. Alipotulia alirudi kwenye ukurasa, akausoma wote kwa utaratibu, jina kwa jina, akimwuliza Dwaine kila kosa na asili yake, na kila jibu akaliandika. Ilichukua saa mbili. Dwaine aliapa na kusaini. Kisha Kendra akafungua fomu yake, palipoandikwa “hatima”, akaandika mistari minne, akaweka sahihi.

“Rekodi yenyewe mtaomba jaji aifute,” alisema. “Na wale wengine walio hai waambiwe. Kuna mtu siku moja ataomba kazi na atanyimwa, asijue kwa nini.”

“Nitapita kwa kila mmoja,” Dwaine alisema. “Kwa miguu ikibidi.”

Ijumaa saa kumi gari la Kendra lilipanda kilima. Tansy alishuka na mfuko mmoja, koti limefungwa vifungo vyote mpaka kidevuni ingawa hapakuwa na baridi. Alimtazama Orlena, kisha Hobert, kwa umakini wa mtu mzima.

“Hapa nalala siku ngapi?” aliuliza.

Hobert alipiga magoti taratibu, mifupa ikilia. “Mpaka mama apone, malaika wangu. Na akipona, mpaka utuchoke.”

“Mimi sichoki haraka,” Tansy alisema.

“Sisi pia.”

Aliingia. Alikagua kitanda kwa kiganja, kichwani hadi miguuni. Mezani kulikuwa na maharage na mkate wa mahindi, naye alikula na koti lake mwilini. Orlena aliona Hobert anafungua mdomo kumwambia alivue, akamgusa goti chini ya meza, naye akaufunga. Walikula. Waliongea juu ya nyuki wa Dwaine. Orlena alipomsogezea sahani ya pili, Tansy alianza kufungua vifungo, kimoja baada ya kingine, kuanzia juu.